Pendwa na Nani? Uhakiki wa Sanaa Pendwa Majaridani na Mtandaoni, kwa Mfano wa Bungoma na Kitale

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo idara zetu za Kiswahili zimelipuuza kwa muda mrefu, nalo ni uhakiki wa sanaa pendwa unaoandikwa nje ya kuta za chuo. Katika miaka ishirini na zaidi iliyopita mahali pa kuandikia uhakiki wa aina hiyo pamehama. Zamani palikuwa katika ukurasa wa gazeti na jarida la kila mwezi. Siku hizi ni katika jarida la mtandaoni, ambalo msomaji wa Kitale hulifungua katika simu yake huku akingoja matatu ijae abiria. Uhamaji huo umesifiwa sana kwa kuwa umepunguza gharama na kuongeza wasomaji. Lakini yafaa tujiulize ni nini kilichohama pamoja na karatasi, na ni nini kilichoachwa nyuma.

Dai letu ni hili. Majarida ya uhakiki wa sanaa pendwa nchini Kenya, ya karatasi kwa ya mtandaoni, yamekuwa yakiihukumu sanaa ya umma mahali ambapo umma wenyewe haupo: kwa lugha ambayo mtunzi na mshabiki wake hawaitumii kujadiliana, na kwa vipimo ambavyo hawakushiriki kuviweka. Tutalithibitisha dai hili kwa kuangalia eneo la Bungoma na Kitale, ambalo limetoa wahakiki na waandishi wawili wakubwa, na ambalo lina mila yake ya kupima sanaa hadharani.

Neno "Pendwa" na Mtenda Wake

Tuanze na neno lenyewe. "Pendwa" limetokana na kitenzi "penda" kilichotiwa kiambishi cha kutendwa. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kauli ya kutendwa humwondoa mtenda katika nafasi ya kiima, kisha ikampa msemaji hiari ya kumtaja kwa neno "na" au kumwacha kabisa. Tunaposema "sanaa pendwa," "riwaya pendwa" au "muziki pendwa," tumechagua kumwacha. Kazi inapendwa, lakini haisemwi inapendwa na nani, wapi, lini, wala kwa sababu gani.

Upungufu huu hauishii katika sarufi. Chukua mfano wa wimbo "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, mwimbaji mwenye asili ya magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka 2001. Wimbo huo ulipendwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960. Mwaka 1968 kundi la Uingereza lililoitwa The Tremeloes liliuimba upya, nao ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini humo. Jina la wimbo lilikuwa lile lile, lakini waliosababisha upendwe walikuwa wengine kabisa. Kwa msikilizaji wa London ulikuwa mchezo wa sauti ngeni zenye mdundo wa kuchezeka. Kwa msikilizaji wa Bungoma ulikuwa sauti ya mtu wa kwao iliyofika mjini na kusikika redioni. Mhakiki atakayeandika kwamba "wimbo huu ulipendwa" bila kutaja ni katika dansi ipi kati ya hizo mbili atakuwa hajasema lolote la maana. Kazi ya kwanza ya uhakiki wa sanaa pendwa, basi, ni kumrudisha mtenda katika sentensi.

Wanjala na Kesi Isiyokuwa na Shahidi

Katika historia ya uhakiki wa Kenya hakuna aliyeipa sanaa pendwa uzito wa kuigombeza kama marehemu Profesa Chris Wanjala, mzaliwa wa Bungoma, aliyefariki mwaka 2018. Baada ya kuhariri *Standpoints on African Literature* (1973) na kuandika *The Season of Harvest* (1978), Wanjala aliendelea kwa miaka mingi kuandika magazetini, na kwa hiyo alikuwa miongoni mwa watu wachache waliotoa uhakiki darasani na kuupeleka kwa msomaji wa kawaida. Taban lo Liyong alikuwa amelalamika mwaka 1965 kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Jangwa hilo lilipoanza kuota majani katika miaka ya 1970, Wanjala hakupendezwa na majani yote. Aliishutumu vikali riwaya pendwa ya wakati huo, hasa kazi za Charles Mangua na David Maillu.

Tunapozisoma leo kazi kama *My Dear Bottle* (1973) na *After 4.30* (1974), ambazo Maillu alizitoa mwenyewe kupitia kampuni yake ya Comb Books, twaweza kuelewa hasira ya Wanjala. Ulevi, ngono na maisha ya ofisini yamesimuliwa humo kwa ulimi usiojizuia. Tanzania ilizipiga marufuku kazi za Maillu mwaka 1976. Hata hivyo, hasira si kipimo. Vitabu hivyo vilinunuliwa na makarani, wapiga taipu na vijana waliotoka shule bila ya kufika chuo kikuu. Watu hao walimwona katika *After 4.30* mwanamke wa ofisini anayesemeshwa na mkubwa wake baada ya saa za kazi, jambo ambalo fasihi ya vyuoni haikulishughulikia. Wanjala alikuwa na haki ya kuuliza kama jambo hilo limeandikwa vizuri. Ambalo halikuulizwa ni kwa nini msomaji yule alilihitaji kiasi cha kutoa fedha zake chache kulinunua.

Hapo ndipo tunapoiona kasoro ya kesi yenyewe. Mshtaki aliandika kwa Kiingereza, mshtakiwa aliandika kwa Kiingereza, na mahakama ilikuwa ukurasa wa Kiingereza. Shahidi mkuu, yaani msomaji aliyependa, hakuitwa. Hatusemi haya ili kumpunguzia Wanjala heshima. Kinyume chake, tunaona kwamba alikuwa na jambo ambalo wengi waliomfuata hawana: aliamini kwamba sanaa pendwa yaweza kuwa mbaya au nzuri, na kwamba tofauti hiyo ni ya kufa na kupona kwa jamii. Mhakiki anayekemea angalau amekiri kwamba kuna kitu cha kupotea.

Kutoka Karatasi hadi Mtandao

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na jaribio la namna nyingine. Jarida la *Joe*, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973 na kuendelea hadi 1979, liliyachukua maisha ya mtu wa kawaida wa mjini kwa vibonzo, hadithi fupi na mzaha. *Joe* lilijua kwamba kicheko chaweza kuwa uhakiki. Lakini nalo lilicheka kwa Kiingereza zaidi.

Uhamaji wa kuingia mtandaoni una tarehe inayokumbukwa. Kazi ya Binyavanga Wainaina iitwayo "Discovering Home" ilichapishwa kwanza na jarida la mtandaoni, G21Net, na mwaka 2002 ikampatia Tuzo ya Caine. Mwaka uliofuata likazaliwa jarida la *Kwani?* jijini Nairobi, nalo likapokea maandishi ya vijana, pamoja na Sheng, bila ya kuomba radhi. Baadhi ya walimu wa vyuo vikuu walilipinga hadharani kwa sauti iliyofanana sana na ile ya miaka ya 1970. Kisha yakaja majarida yaliyozaliwa mtandaoni moja kwa moja. *Jalada* lilifanya jambo la kukumbukwa mwezi wa Machi 2016 lilipotoa hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. *The Elephant* nalo limetoa nafasi kwa insha ndefu za siasa na utamaduni ambazo gazeti la kila siku lisingeweza kuzibeba.

Mafanikio hayo hatuyakani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhakiki wa muziki, filamu na mitindo ya vijana wa Kenya unaotokea mtandaoni bado imeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa msomaji ambaye hakuwapo wimbo ulipochezwa. Matokeo yake ni mtindo ambao tutauita uhakiki wa ushahidi. Wimbo wa Kiswahili, wa Sheng au wa Kibukusu hutajwa, mistari miwili mitatu ikafasiriwa, kisha ukaachwa upesi ili mwandishi afikie jambo alilolikusudia tangu mwanzo: ufisadi, ukosefu wa kazi, jinsia, uchaguzi. Wimbo umegeuka hati ya kuthibitishia hoja. Hauulizwi kama kiitikio chake kimekaa mahali pake, kama gitaa linajibizana na sauti au linaifuata tu, wala kama mwimbaji amesema jipya au amekariri la mwenzake. Mwandishi wa makala haya aliyakuta hayo hayo katika semina za shahada ya uzamili ng'ambo, ambako nyimbo za kwetu zilisomwa kwa makini makubwa bila ya kusikilizwa.

Twaona basi kwamba Wanjala na wahakiki wa mtandaoni wamesimama ncha mbili za kamba moja. Yeye aliikataa sanaa pendwa kwa sababu haikuwa na uzito. Wao wanaikubali kwa sababu ina uzito wa kisiasa. Pande zote mbili hazijamwuliza aliyependa.

Walibora na Taarabu Iliyosahauliwa

Huenda mtu akasema kwamba Kiswahili chenyewe ndicho tiba ya kasoro hiyo. Suala hilo si jepesi kiasi hicho, na mfano mwema wa kulionyesha ni Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma katika miaka ya 1960, akakulia pande za Kitale, na kufariki mwezi wa Aprili 2020. Walibora alikuwa mtu wa nyanja nyingi: mtangazaji wa habari, mwanachuoni aliyepata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, mwandishi wa safu katika *Taifa Leo*, na zaidi ya yote mwandishi wa riwaya. Kwa njia ya gazeti hilo, ambalo limekuwa likitoka tangu 1960 na sasa husomwa mtandaoni pia, alizungumza kwa Kiswahili na watu ambao hawajapata kulifungua jarida la chuo.

Riwaya yake ya *Siku Njema* (1996) ilipata kusomwa sana katika shule za Kenya. Mama wa mhusika mkuu, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu mjini Tanga. Jambo hili si pambo. Tanga ndiyo iliyokuwa makao ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambavyo viliibadilisha taarabu kwa kuingiza magitaa na kuiondolea baadhi ya uzito wa okestra ya Kimisri. Na huko ndiko Shakila Saidi alikojipatia jina lililovuka mipaka. Mwandishi wa bara aliyekulia Kitale alipotaka kumpa shujaa wake urithi wa lugha, hakumpa babu mshairi wala mwalimu wa madrasa. Alimpa mama aliyeimba kwa ajili ya watu wanaotuza. Kwa maneno mengine, riwaya hiyo inadai kwamba Kiswahili kizuri chaweza kurithiwa kutoka katika sanaa pendwa.

Dai hilo ni zito, na lingetosha kuanzisha mjadala mkubwa juu ya nani mwenye Kiswahili. Lakini katika miongozo ya shule, kama tunavyoifahamu sote tulioitumia na wengine wetu kuiandika, *Siku Njema* huchambuliwa kwa orodha: dhamira, maudhui, wahusika, mbinu za lugha, mafunzo. Taarabu ya Zainabu hupita kama kazi ya mama, sawa na mama muuza samaki au mama muuguzi. Hapa uhakiki umeandikwa kwa Kiswahili, na bado aliyependa hayumo. Mfumo wa "fani na maudhui," ambao ulitusaidia katika miaka ya 1970 kuvitoa vitabu vyetu katika sifa tupu, umegeuka kuwa sanduku lenye vyumba ambavyo kila kitu lazima kitiwe, hata kama kinaimba.

Vipimo Vilivyoko Uwanjani

Je, umma wenyewe una vipimo? Wako wanaodhani kwamba mtu wa kawaida hupenda tu na kwamba kupima ni kazi ya msomi. Bungoma yatosha kuwakanusha.

Katika mila ya Wabukusu, tohara hufanywa mwezi wa Agosti wa miaka isiyo witiri. Alfajiri mtahiriwa hupelekwa mtoni, akapakwa matope, na anaporejeshwa nyumbani huimbiwa wimbo uitwao Sioyaye. Anayeongoza huongezea maneno yake papo kwa papo, kumtia kijana ujasiri na kumwonya mwoga, umati huitikia. Kiitikio hicho ndicho hukumu. Kiongozi ambaye maneno yake yamechujuka huitikiwa kwa ulegevu, na hapo mwingine mwenye pumzi humpokea bila ya mkutano wala kura. Vivyo hivyo katika kumuse, hotuba ya matanga inayotolewa na mzee mwenye mamlaka ya ukoo, msemaji hutembea mbele ya waombolezaji akiisimulia historia na kuwakemea walio hai. Wasikilizaji huyapima maneno yake kwa ukweli wa nasaba, kwa ujasiri wa kukemea, na kwa namna anavyoumiliki uwanja.

Vipimo hivi vina mambo matatu ya kutufunza. Kwanza, utendaji hautengwi na maneno: pumzi, mwendo na wakati ni sehemu ya maana. Pili, hukumu hutolewa mbele ya msanii, naye anaweza kujirekebisha au kujibu. Tatu, mpimaji huhatarisha kitu, kwa kuwa anayeitikia vibaya naye anasikika. Hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika uhakiki wetu wa majaridani.

Mila hiyo haikufa kwa kuja redio. Vituo vinavyotangaza kwa Kibukusu, kama Sulwe FM, na vile vya Kiswahili vya eneo hilo, vimezoesha wasikilizaji kupiga simu na kutoa maoni. Na mara nyingi mpiga simu husema juu ya wimbo jambo kali kuliko aya nzima ya msomi. Tofauti ni kwamba maneno yake huyeyuka hewani. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa kuwa ya taifa mwaka 1974, yanatukumbusha kwamba tunajua kuhifadhi vyombo ambavyo havitumiki tena. Kwa hukumu za watu walio hai juu ya sanaa iliyo hai hatujajenga hata rafu moja.

Hoja za Upinzani

Tunatarajia hoja tatu dhidi yetu, nasi tungependa kuzikabili.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuhakikia muziki na filamu. Hii haina uzito mkubwa. Tuna mahadhi, kiitikio, mkarara, mapigo, mghani, vina, kunga, tuzo na mengine mengi. Watu wa taarabu na dansi huyatumia kila siku. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Tukingoja kamati izimalize zote kabla ya kuandika, tutangoja sana.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Kwa mwimbaji wa litungu wa kijijini Bungoma, Kiswahili nacho chaweza kuwa lugha ya kuhukumiwa na wageni. Twakubali. Kwa hiyo jarida tunalolipendekeza halina budi kuinukuu kazi ya Kibukusu kwa Kibukusu, kueleza kwa Kiswahili, na kumfungulia mlango mtunzi ajibu kwa lugha aitakayo. Kiswahili hapa ni uwanja wa kukutania, na hakidai kuwa mwenye nyumba.

Hoja ya tatu ni ya wenzetu wa vyuoni: kwamba uhakiki wa aina hiyo si utaalamu, na haumfai mhadhiri anayetafuta kupandishwa cheo. Hoja hii ndiyo inayoumiza kwa kuwa ni ya kweli katika utaratibu, na ni ya uongo katika maana. Makala yaliyosomwa na watu wachache wenye shahada yanahesabiwa. Makala yaliyomfanya mtunzi wa Chwele au Kimilili aitazame upya kazi yake hayahesabiwi. Wakati huo huo tunalalamika kwamba wanafunzi wanakimbia Kiswahili, ilhali kile wanachokipenda jioni hatujakitaja asubuhi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uhakiki wa sanaa pendwa umehama kutoka karatasi hadi mtandaoni bila ya kuiacha kasoro yake ya zamani. Chris Wanjala alikuwa na kipimo lakini hakumwita shahidi. Majarida ya mtandaoni yana nafasi na wasomaji, lakini yameigeuza kazi kuwa ushahidi wa jambo jingine. Ken Walibora alitupa katika riwaya yake wazo la urithi wa lugha unaotoka kwa mwimbaji, nasi tukaligawa katika vyumba vya mwongozo.

Lililo mbele yetu linawezekana. Idara ya Kiswahili katika chuo chochote cha magharibi ya Kenya, mathalani Kibabii huko Bungoma, chuo kilichopata hati yake mwaka 2015, yaweza kuanzisha jarida la mtandaoni la Kiswahili la uhakiki wa sanaa pendwa kwa gharama ndogo. Kila makala yaseme wazi kazi inapendwa na nani na wapi. Kila mhakiki aeleze alichosikia na alichoona kabla ya kueleza alichokifikiri. Kila mtunzi apewe nafasi ya kujibu. Na kwa kuwa kurasa za mtandaoni hutoweka mwenye kuzilipia anapochoka, kila toleo lichapishwe nakala chache za karatasi ziwekwe maktabani Bungoma, Kitale na Nairobi.

Tusipofanya hivyo, sanaa ya watu wetu itaendelea kuhakikiwa, na pengine kuhakikiwa kwa ustadi, lakini mahali ambapo wao hawasikiki. Waliokesha wakiitikia Sioyaye wanajua wimbo ulipolegea na ulipopata nguvu. Ni wajibu wa mwanachuo wa Kiswahili kuwapa ukurasa wa kulisema hilo, na kuwa tayari kupingwa nao.